Juma Kuu kwenye mto Atrato: shajara ya frateri wa Kitanzania huko Chocó, Kolombia

JUMAMOSI, Quibdó kwenda Bellavista

Ndugu wengi wananiuliza kwenye WhatsApp, frateri huko Kolombia unafanyaga nini hasa, na kwa meseji mbili tatu haielezeki. Kwa hiyo Juma Kuu hili nimeamua kila jioni niandike, umeme ukiwepo naandika kwenye simu, usipokuwepo kwenye daftari na tochi.

Kwa wasionijua, mi ni mtoto wa Ukerewe, niko kwenye malezi ya shirika letu la kimisionari, na kabla ya nadhiri za daima tunatumwa nje tukaishi misheni. Wenzangu wamekwenda kwingine, mi nikapangiwa Kolombia, nikasoma Kihispania kwanza halafu nikaletwa huku dayosisi ya Quibdó, mkoa wa Chocó. Ukisema Kolombia watu wanawaza Bogotá na mpira na zile habari za madawa. Chocó ni dunia nyingine. Iko magharibi kabisa upande wa Pasifiki, msitu na mito, na watu wake wengi ni weusi, wajukuu wa Waafrika walioletwa kwa minyororo kuchimba dhahabu kwenye mito hii hii, wakiishi jirani na Waemberá ambao ndo wenyeji wa asili. Utumwa ulifutwa Kolombia kuanzia tarehe 1 Januari 1852, watu wakashuka na mito wakajenga vijiji vyao kandokando, na mpaka leo vijiji viko palepale.

Tumeondoka Quibdó saa moja asubuhi na boti ya abiria, wenyewe wanaita panga, ndefu nyembamba yenye injini kubwa nyuma, watu tumebanana kwenye mabenchi kila mtu na jaketi lake la kuokolea na mizigo imefunikwa turubai. Mvua ilishaanza. Mvua huku haimshangazi mtu, Quibdó inapata zaidi ya milimita 7,000 kwa mwaka wakati Mwanza tunazungukia kwenye 1,000, sa piga picha mwenyewe. Nipo na sista mmoja Mkolombia ambaye ameishi mtoni miaka mingi mno, kila kijiji tukipita anapungiwa mkono, na katekista kijana anayerudi kwao.

Tukapita Tanguí, tukapita Beté, boti ikasimama kushusha magunia ya mchele na mitungi ya gesi, kisha Tagachí. Mto ni mpana na una rangi ya chai ya maziwa, na sista ananieleza kwa sauti kubwa maana injini inapiga kelele. Miaka ya 1980 kampuni za mbao zilikuwa zinautaka msitu huu wote, serikali ikiuhesabu kama ardhi isiyo na mwenyewe, wakati watu wamezaliwa humo na kuzikwa humo. Wamisionari wa wakati ule wakaanza kukaa na wanakijiji jioni, Biblia mkononi, wakisoma habari za Waisraeli na nchi yao na kuuliza, na hii ya kwetu je? Hapo ndo kikazaliwa chama cha wakulima wa Atrato mwaka 1987. Mwaka 1993 ikapitishwa Sheria namba 70 inayotambua ardhi ya pamoja ya jamii za watu weusi, na mwaka 1997 vijiji vya mto huu vikapewa hati moja ya pamoja ya karibu hekta 695,000. Sio ya mtu mmoja mmoja, ni ya wote, na haiuzwi.

Mi nasema hiyo ni injili imehubiriwa vizuri. Kuna watu kwetu bado wanafikiri kazi ya mmisionari ni kubatiza na kujenga kanisa la matofali basi, ningependa waje wapande boti hii wakae pembeni ya huyu sista kwa masaa manne.

Njiani wanajeshi wa majini wametusimamisha, wakaangalia vitambulisho, wakaniuliza Tanzania iko wapi, tukaendelea. Mchana tumeingia Bellavista, makao makuu ya wilaya ya Bojayá. Ng'ambo ya mto, upande wa mkoa wa Antioquia, ni mji wa Vigía del Fuerte. Nimelowa mpaka soksi, nguo zimetundikwa, nalala.

JUMAPILI YA MATAWI

Bellavista hii ni mpya. Watu walihamishiwa hapa mwaka 2007, nyumba zimejengwa kwa mistari, barabara za zege, shule, kanisa. Ile ya zamani iko karibu tu, mwendo mfupi kwa mto, nitaandika Ijumaa tukienda.

Maandamano yameanzia chini bandarini. Watoto walienda jana jioni kukata makuti msituni, asubuhi akinamama wanayasuka misalaba na maua, vidole vinaenda haraka huwezi kufuatilia. Padre kabariki matawi, mvua ikashuka tena, na hakuna hata mmoja aliyeondoka. Tumepanda mpaka kanisani tukiimba, ngoma mbili mbele. Somo la mateso limesomwa na watu watatu, na aliyesoma sehemu ya Yesu ni mzee mvuvi mwenye sauti nzito, kanisa lote kimya.

Baada ya misa watoto wakanizunguka, maswali ya kawaida, kwenu kuna simba, kwenu wanakula nini, ulikuja na boti? Nikawachorea ramani chini kwa kijiti, Afrika, bahari, Amerika, nikawaonyesha Tanzania iko upande wa pili kabisa wa bara, babu zao wengi walitokea upande wa magharibi na kati, Kongo na Angola na pwani ya Ghana na kwingineko. Bibi mmoja alikuwa amekaa kibarazani anasikiliza, akaniita. Akasema, mwanangu, sisi tunaitwa Mosquera, hilo jina ni la waliotumiliki, la kwetu lenyewe hatulijui, we kwenu jina lenu mnalijua? Nikamtajia jina langu, la baba, la babu, la babu yake babu, akawa anarudia polepole moja moja baada yangu. Akanishika mkono akasema sawa, leo nimesikia.

Sikuwa na cha kumwambia. Nilikaa naye mpaka chakula kikaiva, samaki bocachico wa kukaanga, ndizi na wali, na juisi ya tunda linaitwa borojó, nzito, kali kidogo, nimeizoea sasa naitafuta mwenyewe.

JUMATATU KUU, kupanda mto Bojayá

Padre ni mmoja na vijiji ni vingi, kwa hiyo Juma Kuu tunagawana. Mimi, sista na katekista tumepangiwa Pogue, kijiji kilichoko ndani zaidi, unauacha Atrato unaingia mto Bojayá unapanda juu. Panga haiendi huko, tumetumia boti ndogo ya mbao. Mbele tumefunga bendera nyeupe. Bendera hiyo ina maana yake, kwenye mito hii bado kuna makundi yenye silaha yanagombania njia, kuna siku watu hawaruhusiwi hata kwenda shambani, na mwisho wa mwaka 2019 kundi kubwa la watu wenye silaha liliingia Pogue kwenyewe watu wakajifungia ndani. Kabla hatujaondoka viongozi wa kijiji wametuma ujumbe kwamba njia iko salama, bila ujumbe wao hatuendi. Na jioni saa kumi na mbili boti zote zinakuwa zimeshafungwa, usiku mto hautembewi.

Maji yalikuwa machache kwenye baadhi ya sehemu, injini inanyanyuliwa tunasukuma kwa pondo. Hapo nilikuwa na raha, mtoto wa kisiwani pondo nalijua, nahodha akanikabidhi akakaa akala ndizi yake. Msitu umefunga pande zote mbili, ndege wakubwa wenye midomo ya rangi, mizizi imening'inia mpaka kwenye maji. Tumepishana na mitumbwi ya Waemberá, baba na mama na watoto na mbwa, sista akawasalimu kwa lugha yao wakacheka wakajibu.

Pogue tumefika alasiri. Nyumba za mbao juu ya nguzo, maana mto ukifura unaingia kijijini. Watu walitusubiri kwenye ngazi, wakabeba mizigo yote mpaka begi langu dogo. Tumepewa chumba kwa mama mmoja mwimbaji, nikafunga chandarua changu kwenye kona, chini mkeka. Mama akasema frateri kunywa kahawa kwanza, maneno baadaye.

JUMANNE KUU, Pogue

Leo ni siku ya kutembelea nyumba na ndo kazi yenyewe hasa. Huendi na hotuba. Unaingia, unakaa, unapewa kahawa, unasikiliza, mwisho mnasali pamoja, wanataja wagonjwa na marehemu wao kwa majina, halafu nyumba inayofuata. Sista anajua kila nyumba nani kazaliwa nani kafariki. Mtoto mmoja alikuwa na homa kali, malaria iko nyingi huku, mhudumu wa afya wa kijiji akampima na kumpa dawa, bahati zilikuwepo. Mama yake akasema kuna miezi zinaisha na ukitaka kwenda Vigía petroli ya kwenda na kurudi ni hela ya mavuno.

Vijana wamenikaa moyoni kuliko wote. Nimecheza nao mpira uwanjani, matope mpaka magotini, halafu tukakaa. Wanataka kusoma, sekondari ya juu na chuo viko mbali, na wale wenye bunduki wanakuja na pikipiki na simu na mshahara wa mwezi. Kijana mmoja kaniambia rafiki yake alienda, hajarudi, mama yake bado anampikia. Wakubwa wa kijiji wanajitahidi, wana kikundi cha muziki, wana mashindano ya mpira kati ya vijiji, kila kitu ili kijana asikae peke yake. Nikawaambia kila Jumamosi nikiwa Bellavista nitawatumia masomo ya Kiingereza kwa sauti kwenye simu, wao wakipata mtandao wanapakua, na hilo nitalifanya.

Jioni ndo nikasikia waimbaji. Nitaeleza hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu bila hawa mtu hawezi kuelewa kanisa la mto huu.

Kwenye vijiji vya Chocó padre alikuwa anafika mara moja moja kwa mwaka, na zamani hata hivyo hafiki. Sasa mtu akifa nani anamsindikiza? Akinamama. Wana nyimbo zinaitwa alabaos, asili yake ni nyimbo za kanisa za Kihispania zilizoletwa na wamisionari enzi za ukoloni, watu weusi wakazichukua wakaziimba kwa namna yao wenyewe, bila ngoma, bila kinanda, mmoja anaanzisha na wengine wanapokea, sauti ndefu zinapanda na kushuka taratibu mpaka unasikia kifua kinatetemeka. Zinaimbwa usiku wa mkesha wa maiti, halafu siku tisa za sala, na usiku wa tisa wanafanya kitu wanaita kuinua kaburi. Kunatengenezwa altare ndani ya nyumba, vitambaa vyeupe, mishumaa, alama nyeusi ya kipepeo, wanaimba usiku kucha, na alfajiri mishumaa inazimwa mmoja mmoja na altare inavunjwa, ndo marehemu anaruhusiwa kwenda. Akiwa mtoto mdogo ni tofauti, kunakuwa na michezo na nyimbo za furaha maana mtoto anakwenda moja kwa moja kwa Mungu.

Asiyesindikizwa hivyo, kwao bado hajaondoka. Hilo lishike, tutarudi kwalo.

Akinamama wa Pogue baada ya mauaji ya mwaka 2002 kwenye kanisa la Bellavista, ambayo nitayaeleza Ijumaa, wakaanza kutunga alabaos zao wenyewe, za kueleza kilichotokea. Tarehe 26 Septemba 2016 pale Cartagena, serikali na FARC, jeshi la waasi wa mrengo wa kushoto, wakisaini mkataba wa amani, mbele ya marais na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, waliosimama kuimba ni hawa, akinamama wa kijiji hiki ambacho kwenye ramani nyingi hakipo. Na wiki moja baadaye kwenye kura ya maoni juu ya mkataba huo, nchi kwa jumla ilisema hapana kwa tofauti ndogo sana, lakini Bojayá, walioumizwa kuliko wengi, walisema ndiyo zaidi ya asilimia 95. Mwenyeji wangu alikuwepo Cartagena. Nilimuuliza alijisikiaje, akasema tuliwaambia ukweli wakatusikiliza, basi, na mahindi yalikuwa yananisubiri nyumbani.

Leo wamefanya mazoezi ya Ijumaa Kuu kwenye sebule ya mbao, taa moja ya sola. Mimi nimekaa chini pembeni. Inafanana na matanga ya kwetu, wakati wa usiku sana bibi zikianza zile nyimbo ambazo vijana hawazijui. Nilimkumbuka bibi yangu, nilitoka nje nikalia kidogo, nikarudi.

JUMATANO KUU

Mvua kutwa. Tumefundisha watoto watakaobatizwa, tumefua, sista amekaa na wazazi. Mchana familia ya Kiemberá imeteremka kuuza ndizi na vikapu, wakala na sisi. Baba akaeleza kwamba watoto wao hawaendi tena mbali kuwinda kwa sababu ya mabomu ya ardhini. Sista aliandika jina la sehemu ile kwenye daftari lake ili lifike kwa dayosisi na kwa ofisi zinazohusika.

ALHAMISI KUU, Pogue na Bellavista

Ibada ya kuosha miguu tumeifanya asubuhi saa nne ili tuwahi mto. Padre yuko Bellavista kwa hiyo hapa hakuna misa wala komunyo, ni Neno, sala na kuosha miguu. Iliniuma kidogo, Alhamisi Kuu bila ekaristi. Lakini hapa wamezoea kutunza imani mwaka mzima bila padre, na kanisa lao liko hai kuliko parokia nyingi ninazozijua zenye misa kila siku.

Waliochaguliwa kuoshwa miguu walichaguliwa na kijiji, sio na sisi. Mkunga. Nahodha wetu. Mwalimu. Kijana aliyerudi kutoka kwenye kundi la silaha, na alipokaa kwenye benchi sikusikia mtu kunong'ona. Yule baba wa Kiemberá. Mama aliyepoteza watoto kwenye kanisa la Bellavista. Katekista akaosha, sista akaosha, mimi nikaosha. Miguu ya watu wa mto ina makovu ya mapanga na miamba. Nilipofika kwa yule mama aliniwekea mkono kichwani mpaka nikamaliza.

Saa sita tukashuka na waimbaji watatu ndani ya boti, jioni tumewahi misa ya karamu ya Bwana Bellavista. Baada ya misa ekaristi imewekwa kwenye altare ya pembeni imepambwa maua ya msituni, watu wanakesha kwa zamu mpaka usiku wa manane. Zamu yangu nilikuwa na wavuvi.

IJUMAA KUU, Bellavista ya zamani

Leo wazee hawataki mtu aoge mtoni, wala akate kitu kwa panga, wala apige msumari. Kijiji kimetulia kabisa, hata redio.

Njia ya Msalaba imeanzia kanisa jipya mpaka Bellavista ya zamani, wengine kwa miguu wengine kwa boti. Mji wa zamani msitu umeshaula, unaona ngazi isiyoenda popote, sakafu ya duka, mti umeota jikoni. Kanisa bado limesimama, limetunzwa.

Naeleza kwa ambao hawajui. Aprili 2002 wanamgambo wa mrengo wa kulia walipanda na mto wakaingia Bellavista na Vigía. Dayosisi ilionya, Umoja wa Mataifa ulionya, ofisi ya mtetezi wa wananchi ilitoa tahadhari, hakuna aliyekuja kuwalinda watu. Tarehe 1 Mei FARC wakashambulia. Watu wakakimbilia kanisani kwa sababu ni kati ya majengo machache ya zege, karibu watu 300, wamelala humo na watoto usiku mzima. Wanamgambo wakajikinga karibu na kanisa. Tarehe 2 Mei asubuhi FARC wakarusha mtungi wa gesi uliojazwa baruti na vyuma, ukatoboa paa, ukalipukia kwenye altare. Walikufa watu 79, na 48 kati yao ni watoto. Waliosalia wakatoka na kitambaa cheupe kuelekea mtoni huku wakipaza sauti kwamba wao ni raia wa kawaida na wanaomba maisha yao yaheshimiwe, wakavuka kwenda Vigía, wengine kwa kupiga kasia na mikono.

Waliokufa walizikwa haraka haraka kwenye shimo la pamoja, vita bado inaendelea. Hakuna mkesha, hakuna alabao, hakuna siku tisa. Ndo lile nililosema Jumanne. Kwa miaka 17 watu wa Bojayá waliishi na wafu ambao hawajasindikizwa, wakidai wafukuliwe, watambuliwe kisayansi, kila mmoja arudishiwe jina lake. Leyner Palacios, mzaliwa wa Pogue aliyepoteza ndugu wengi siku ile na baadaye mwaka 2020 akawa mmoja wa makamishna wa Tume ya Ukweli ya Kolombia, ni mmoja wa waliopigania hilo. Mwaka 2017 wakafukuliwa, na tarehe 11 Novemba 2019 wakarudi na boti, majeneza kwa majeneza, mengi madogo meupe. Wakaimbiwa wiki nzima kila kitu kilichokuwa kinadaiwa, mpaka tarehe 18 wakazikwa. Mmoja wa waimbaji tuliokuja nao ameniambia wiki ile sauti ilimwisha kabisa na hakuacha kuimba.

Altareni leo amewekwa Kristo wa Bojayá. Ile sanamu ya msalabani mlipuko uliikata mikono na miguu, kimebaki kiwiliwili na kichwa, na watu walikataa isitengenezwe. Ndo sanamu ambayo Papa Fransisko alisali mbele yake kule Villavicencio tarehe 8 Septemba 2017. Desemba 2015 viongozi wa FARC walikuja humu humu ndani kuomba msamaha, na waliohitaji kujibu walijibu kila mtu kwa moyo wake, wapo waliosamehe na wapo ambao bado, na hakuna anayewasukuma.

Tulipofika kituo cha kumi na mbili padre hakuhubiri. Waimbaji wakaanza. Majina ya marehemu yakasomwa, na baada ya kila jina watu wanaitikia kwamba yupo. Yule mama niliyemwosha miguu jana alisimama mbele yangu, watoto wake walipotajwa aliitikia kwa sauti iliyonyooka. Nimeshawahi kuhudhuria Ijumaa Kuu nyingi tangu nikiwa mtumikiaji mdogo Ukerewe, kubusu msalaba na kila kitu. Leo nilipiga magoti kumbusu Kristo asiye na mikono nikashindwa kunyanyuka haraka, mzee mmoja akaninyanyua.

Nataka kusema kitu hapa na nakisema kwa uzito. Watu hawa hawahitaji mmisionari wa kuwafundisha msalaba ni nini. Wanahitaji mtu wa kukaa nao, wa kuandika na kupeleka mbele yale wanayoyasema, wa kulala kwenye nyumba zao wakati wengine wote wameondoka. Mwaka 2002 waliobaki mtoni pamoja nao walikuwa mapadre na masista wa parokia. Ndo maana wakituona na bendera nyeupe wanashuka ngazi kutupokea.

JUMAMOSI KUU

Kutwa usafi wa kanisa, kupamba, kupika. Kuni za moto wa Pasaka zimelowa, wavulana wakaleta utomvu wa mti ukashika moto vizuri tu na mvua yake.

Mkesha umeanza saa mbili usiku. Watoto watano wa Pogue na watatu wa hapa wamebatizwa. Na Gloria! Tangu Alhamisi hakuna ala ya muziki, sasa padre anaanzisha tu na chirimía ikalipuka, ndo bendi ya Chocó, klarineti, ngoma kubwa, ngoma ndogo na matoazi, kanisa lote likaanza kucheza, mabibi wa alabao wale wale wa jana wanazunguka na leso mkononi. Mama mwenyeji wangu wa Pogue akanivuta kati. Nimecheza mpaka kanzu imelowa jasho.

JUMAPILI YA PASAKA

Misa asubuhi, halafu kila nyumba inakuita ule. Nimekula nyumba nne na kukataa huwezi. Mchana nikapata mtandao shuleni nikampigia mama Ukerewe, kule ilikuwa usiku, akaomba aone mto, nikamwonyesha, akaomba aone watu, akaanza kuongea nao Kiswahili na wao wanamjibu Kihispania, dakika kumi nzima, wote wanacheka na simu inaishiwa chaji.

Jioni kikao cha maandalizi ya tarehe 2 Mei. Kila mwaka siku hiyo wanaadhimisha, vijiji vyote vinakuja kwa boti. Petroli ya boti za Pogue bado haijapatikana, mishumaa bado, chakula kila familia italeta ndizi na kijiji cha jirani samaki. Waimbaji wanataka wasichana wadogo waimbe pamoja nao mwaka huu, mazoezi yameshaanza.

JUMATATU, Quibdó

Tumerudi salama, jua kali kwa mara ya kwanza wiki nzima. Nimeshakaa na sista tumeandika ripoti ya dayosisi: dawa za malaria Pogue, mabomu ya ardhini njia ya Waemberá, mwalimu wa darasa la juu ambaye hajafika tangu shule ifunguliwe, vijana wanaohitaji nafasi za bweni Quibdó, mahakama iliyotamka mwaka 2016 kwamba mto Atrato una haki zake na bado mashine za dhahabu zinamwaga zebaki sehemu za juu. Kesho asubuhi napeleka mwenyewe ofisini. Mchana naanza kurekodi somo la kwanza la Kiingereza kwa ajili ya wale vijana, na wakati huo huo natafuta petroli ya tarehe 2 Mei, galoni zinazohitajika ni nyingi, anayeweza kuchangia hata kidogo aniandikie inbox.